Sensa ya Joto la Hewa Ikidanganya, Taa Haiwaki

Sensa ya joto la hewa, kile kifaa kinachoiambia kompyuta ya gari hewa inayoingia kwenye injini ina joto kiasi gani, ikifa kabisa, injini haiteseki sana. Kompyuta inaona waya umekatika, inawasha taa ya injini kwenye dashibodi, kisha inaachana na sensa hiyo na kushika kiwango chake yenyewe. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 ni nyuzi 20 za selsiasi. Gari linaendelea na safari. Balaa ni sensa iliyo hai ambayo habari zake zinaifikia kompyuta zikiwa zimepotoka. Hiyo haiwashi taa na haiachi msimbo wowote wa hitilafu kwenye kompyuta, na mwenye gari anaweza kubadilisha nusu ya spea zilizo chini ya boneti kabla mtu hajaifikiria. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Kisumu, na nimewaona wengi wakimaliza akiba yao kwa njia hiyo. Inaniuma, kwa sababu kipimo kinachofichua ugonjwa huu hakihitaji mashine ya bei. Kinahitaji multimeta ya kawaida, ile mita ya kupimia umeme, na subira.

Nitaeleza kwa gari moja, Toyota 110 ya mwalimu mmoja anayefundisha upande wa Ahero na ambaye ana watu wake Nakuru. Ni gari la miaka mingi lakini limetunzwa: mwili haujaoza, injini ya 5A haivuji oili, waya za betri ziko safi. Aliniletea baada ya kupita gereji nyingine, ambako lilikuwa limewekewa plagi mpya, pampu ya petroli na sensa ya oksijeni. Kila spea ilisaidia kwa siku chache, au yeye alidhani imesaidia, kisha mambo yakarudi palepale.

Nilimwomba asiniambie gari lina ugonjwa gani. Aniambie linafanya nini, wapi na saa ngapi.

"Fundi, asubuhi nikitoka Nakuru linavuta vizuri," alisema. "Salgaa, Mau Summit, Londiani, hakuna neno. Nikishashuka Kericho nikaingia Awasi, jua limewaka, linaanza kusongwa. Nikikanyaga, moshi mweusi nyuma."

"Na ukienda, Mwalimu?"

"Nikitoka Ahero saa nane mchana, kuanza kuupanda ule mlima wa Kericho ni taabu tupu. Ndiyo maana siku hizi natoka alfajiri."

Maelezo hayo yalikuwa na thamani kuliko spea zote alizouziwa. Kutoka Salgaa hadi Mau Summit ni kupanda tu, na hapo gari halikulalamika. Awasi ni tambarare, na hapo lilisongwa. Kwa hiyo mlima hauhusiki. Kinachobadilika kati ya alfajiri ya Mau na mchana wa uwanda wa Kano, huko Awasi, ni joto. Gereji ya kwanza nayo iliona joto, ikakisia kwamba pampu inachoka ikipata moto. Lakini pampu iliyochoka huinyima injini petroli, na injini iliyonyimwa petroli haitoi moshi mweusi. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Nilifungua plagi, mpya zile, nikazikuta zimevaa masizi makavu. Injini hii ilikuwa inalishwa kupita kiasi, na ilikuwa inalishwa zaidi kadiri jua lilivyopanda.

Hapa inafaa kusema kidogo jinsi injini ya 110 inavyojua imevuta hewa kiasi gani, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Petroli inaungua vizuri ikipata hewa mara 14.7 ya uzito wake. Lakini injini hii haina kifaa cha kupima uzito wa hewa. Ina sensa ya shinikizo inayosoma hali ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, inajua injini inazunguka kwa kasi gani, na ina sensa ya joto la hewa. Kutoka hayo matatu kompyuta inapiga hesabu ya uzito. Joto lina kazi kubwa kwenye hesabu hiyo: kwa shinikizo la usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 0 ina kilo 1.29, na ya nyuzi 30 ina kilo 1.16 hivi. Hewa ya baridi imeshikana, hewa ya moto imetawanyika. Ukiiambia kompyuta hewa ni baridi ilhali ni moto, itamwaga petroli ya kutosha hewa ambayo haipo.

Sensa yenyewe ni kitu kidogo sana. Kwenye 110 imechomekwa kwenye kasha la eya klina, ina nyaya mbili tu, na ncha yake inakaa ndani kwenye njia ya hewa. Ndani ya ncha kuna kipande ambacho ukinzani wake, yaani kiasi kinavyozuia umeme, hupungua kadiri kinavyopata joto. Ukinzani hupimwa kwa omu. Kwenye Toyota za aina hii unatarajia omu 4,000 hadi 7,000 kwa nyuzi 0, omu 2,000 hadi 3,000 kwa nyuzi 20, omu 900 hadi 1,300 kwa nyuzi 40, na kwa nyuzi 80 ni omu 200 hadi 400. Kompyuta inapeleka volti 5 kupitia ukinzani wake wa ndani, inaangalia ni volti ngapi zimebaki kwenye waya, na kutoka hapo inajua joto. Volti zikiwa juu, ni baridi. Zikiwa chini, ni moto.

Kwanza niliunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kile kisanduku cha majaribio chini ya boneti, nikawasha swichi bila kupiga stata. Taa ya injini ikapepesa kwa mwendo uleule, haraka haraka, bila kukatiza. Maana yake hakuna msimbo uliohifadhiwa. Sensa ya joto la hewa ingekuwa imekatika waya au nyaya zake zimegusana, taa ingepepesa mara mbili, ikatua, kisha mara nne: msimbo 24. Gereji iliyotangulia iliona mpepeso huohuo ikasema kompyuta haioni shida. Kweli haikuona. Kompyuta ya umri huo inalalamika volti zikikaribia kabisa 5 au kabisa sifuri. Chochote kilicho katikati inakiamini. Ukiiambia kuna nyuzi 3 mjini Kisumu saa nane mchana, itakubali na kufanya kazi yake kwa uaminifu.

Basi nikasubiri mchana, jua likiwa kali, nikamwomba Mwalimu aendeshe nami nikiwa kando. Tulitoka Kibuye, tukashika barabara ya kwenda Nyamasaria. Gari lilikuwa zito, harufu ya petroli inaingia dirishani. Nikamwambia aegeshe. Nilifungua boneti nikachomoa soketi ya sensa ya joto la hewa, nikaifunga pembeni isiguse chuma, tukaendelea. Taa ya injini iliwaka, kama inavyopaswa. Na gari likavuta.

"Umetoa kitu na limepona?" Mwalimu aliuliza, mkono bado kwenye gia.

Ndiyo, na jaribio hili ni la bure, kila mtu mwenye gari la aina hii anaweza kulifanya. Ukichomoa soketi, kompyuta inajua imekosa habari, inashika nyuzi 20 zake. Nyuzi 20 si kweli mchana wa Kisumu, lakini ziko karibu na kweli kuliko kile ilichokuwa inaambiwa. Gari likienda vizuri zaidi bila sensa kuliko likiwa nayo, basi sensa au njia yake inasema uongo. Likibaki vilevile, tafuta kwingine. Halithibitishi zaidi ya hapo, na wala halikuruhusu kukimbilia dukani.

Ninasisitiza hilo la duka kwa sababu sensa ile ilikuwa nzima. Kesho yake asubuhi, gari likiwa limelala na injini imepoa, niliipima nyaya zikiwa zimechomolewa: omu 2,050 hivi, na hewa ilikuwa nyuzi 24 au 25. Sawasawa. Nikaipuliza hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele niliyoazima saluni ya jirani, na mita ikashuka taratibu, bila kuruka, hadi chini ya omu 600. Nikaiacha ipoe, ikarudi juu kwa mwendo uleule. Sensa mbovu mara nyingi hujifichua hapo: inashuka vizuri halafu ghafla inaruka, au inagota mahali na kukataa kusogea.

Halafu nikapima soketi upande wa gari, swichi ikiwa imewashwa. Volti 5. Sawasawa tena. Na hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu fundi ameshaona sensa nzima na volti zote tano, anafunga boneti na kusema tatizo haliko hapa. Ninaomba wenzangu wa kazi hii walitazame jambo hili kwa makini. Mita ya volti haivuti umeme wowote wa maana. Bomba lililoziba nusu litaonyesha shinikizo lilelile la tangi mradi mfereji umefungwa. Fungua mfereji ndipo uone maji yanavyokuja kwa shida. Waya ulioliwa na kutu ni hivyohivyo. Bila sensa kuunganishwa, hakuna umeme unaopita, na volti 5 zinafika zote. Sensa ikirudishwa na umeme ukaanza kupita, sehemu ile iliyooza inajiongezea ukinzani wake juu ya ule wa sensa, na kompyuta haina namna ya kuvitenganisha.

Dawa ni kupima kutoka mahali kompyuta inakotazamia. Nilichomoa betri, nikafungua upande wa dashibodi hadi kwenye soketi za kompyuta, nikazichomoa, nikarudisha sensa mahali pake kule mbele, na kupima kati ya waya wa ishara wa sensa hiyo na waya wake wa ardhi. Sensa ileile, asubuhi ileile, joto lilelile. Mita ikasema omu 6,000 na kidogo, ikichezacheza. Kijana ninayefanya naye kazi akautikisa mkanda wa nyaya karibu na eya klina, na namba zikaruka.

Omu 4,000 zilikuwa zimetoka wapi? Waya wa ardhi niliuondoa haraka kwenye orodha, maana unatumiwa pia na sensa ya joto la maji na nyinginezo. Ungekuwa ndio mgonjwa, zote zingepotoka, na sensa ya joto la maji nilipoipima kutoka palepale kwenye kompyuta ilikuwa sahihi. Ukabaki waya wa ishara. Niliufuata kutoka kwenye soketi ya sensa kurudi nyuma kwa vidole, nikibonyeza kila sentimita. Baada ya mwendo wa kiganja kimoja hivi, chini ya tepu nyeusi, ukawa laini ajabu. Niliichana tepu. Kwenye ngozi ya waya kulikuwa na kitobo kidogo, mviringo, safi, cha aina ile inayoachwa na sindano ya taa ya kupimia. Nilipouchuna hapo, shaba haikuwapo tena kwa sura yake: nyuzi mbili tatu nyembamba zilizogeuka nyeusi, na zilizobaki zilikuwa unga wa kijani uliodondoka kwenye kidole changu.

Mtu, wakati fulani, alitaka kujua kama waya una umeme, akautoboa. Kisha gari likaoshwa injini kwa maji ya presha, na si mara moja. Maji yakaingia kwenye kitobo, tepu ikayazuia yasitoke, na shaba ikaoza polepole. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini ningependa tabia hii ya kutoboa nyaya iishe kwenye gereji zetu. Kila soketi ina mgongo, na pini nyembamba inaingia kando ya waya kwa nyuma hadi kugusa chuma bila kuacha jeraha. Inachukua muda kidogo zaidi. Na kuosha injini kwa presha, hasa magari haya ambayo mipira ya soketi zake imekauka, ni kulipia ugonjwa. Kitambaa na brashi vinatosha.

Sasa hesabu iliyomchanganya kila mtu, kwa nini joto lilizidisha shida. Chukua alfajiri ya Mau Summit, hewa ya nyuzi 10. Sensa ina kama omu 3,700. Ongeza 4,000 za kutu, kompyuta inaona 7,700 na kudhani ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Imekosea nyuzi 17, na petroli imezidi kwa asilimia 6. Kiasi hicho kompyuta inaweza kukirekebisha kwa kuisikiliza sensa ya oksijeni, inayopima moshi unaotoka, na dereva hasikii kitu. Sasa chukua mchana wa Awasi, hewa ndani ya kasha la eya klina imefika nyuzi 45. Sensa imeshuka hadi karibu omu 1,000. Ongeza 4,000 zilezile, kompyuta inaona 5,000 na kudhani ni nyuzi 2 au 3. Imekosea zaidi ya nyuzi 40, na petroli inazidi kwa asilimia 15. Ukikanyaga kupanda mlima, kompyuta inaacha kuisikiliza sensa ya oksijeni na kuamini hesabu yake peke yake, na hapo ndipo moshi unatoka. Kutu haikubadilika kati ya asubuhi na mchana. Ila sensa yenyewe, kadiri ilivyopata joto, sauti yake ilizidi kuwa ndogo mbele ya kutu hiyo. Gari hili halingeweza kamwe kuamini kwamba kuna joto kupita nyuzi 8 au 9, hata lingepelekwa kwenye joto la Lodwar.

Matengenezo yalikuwa mafupi. Nilikata sehemu iliyooza pande zote mbili hadi nikafika kwenye shaba inayong'aa, maana kutu hutambaa ndani ya ngozi mbali kuliko inavyoonekana. Nikaunga kipande kipya cha unene uleule, nikakichoma kwa solda, nikakivalisha mrija unaobana kwa moto, na kuupitisha mkanda mbali na mahali maji hutiririkia. Nikapima tena kutoka kwenye kompyuta: omu 2,000, namba zimetulia, hata kijana alipoutikisa mkanda. Mwisho nikatoa fyuzi ya EFI, ile ya mfumo wa kupulizia petroli, kwa dakika kadhaa ili kompyuta isahau marekebisho iliyojizoesha wakati wa uongo. Hatua hii wengi huiruka, halafu mteja anarudi siku ya pili akisema gari linakosa nguvu.

Mwalimu alipanda Kericho wikendi iliyofuata, mchana, kwa makusudi. Alinipigia akiwa Kedowa kusema hakuona moshi. Sensa yake ya zamani bado iko kwenye gari. Bei ya petroli inayotangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kila katikati ya mwezi ni mzigo tosha. Hakuna sababu ya kulipia lita ambazo zimepotea kwenye sentimita moja ya waya.

Kuna watu wanauza mtandaoni kijisanduku cha kuongeza nguvu, unachokichomeka kwenye soketi ya sensa hii. Nimekifungua. Ndani mna kipande cha ukinzani, basi. Kinafanya kwa makusudi kile kutu ilichokifanya kwenye gari la Mwalimu. Tafadhali usikinunue.

Kama una Toyota za baadaye kama NZE au Probox, mambo ni tofauti, na sitaki mtu asome haya akaanze kukata nyaya. Magari hayo yana sensa inayopima uzito wa hewa moja kwa moja kwa waya wa moto, na sensa ya joto la hewa imejengwa ndani yake. Ndiyo maana soketi ina nyaya tano. Hapo joto likipotoka, kiasi cha petroli hakiharibiki sana kama kwenye 110. Shida itaonekana zaidi kwenye kuwasha asubuhi na kwenye wakati wa cheche. Probox ikila petroli, anza kwa kuangalia kama ule waya wa moto umefunikwa na vumbi, hasa ukiendesha barabara za murram na chujio la hewa ni la bei rahisi. Honda Fit za mwanzo, kwa upande mwingine, hupiga hesabu kwa shinikizo na joto kama 110, na yote niliyosema yanazihusu.

Magari mapya zaidi yana msaada ambao 110 haina: mashine ya kusoma inakuonyesha namba zenyewe. Isome asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa limelala nje usiku kucha. Joto la hewa na joto la maji yanapaswa kukaribiana, na yote mawili yakaribiane na hali ya nje. Ukiona maji nyuzi 22 na hewa nyuzi 5, umeshapata pa kuanzia hata kama hakuna msimbo. Ukiona nyuzi 40 chini ya sifuri, waya umekatika au soketi imechomoka. Ukiona nyuzi 140, nyaya zimegusana mahali.

Na ikithibitika kweli kwamba sensa ndiyo imekufa, nenda dukani na mita yako. Nyingi ni zilizotolewa kwenye magari ya Japani, na hakuna ubaya, mradi uipime palepale kaunta. Isome ikiwa baridi, kisha ikumbatie ncha yake kwenye ngumi na kuendelea kutazama. Kwa joto la kiganja tu omu zinapaswa kuanza kushuka ndani ya muda mfupi, bila kuruka. Zikikaa palepale, mrudishie muuzaji kabla hujatoa pesa.